Darasa la Kiingereza la AP katika Sekondari za Marekani: Mambo ya Kutarajia na Namna ya Kujiandaa

Kila mwaka wanafunzi wa sekondari nchini Marekani hupewa fomu ya kuchagua masomo ya mwaka unaofuata, na miongoni mwa masomo hayo huwamo Kiingereza cha kiwango cha juu, ambacho katika shule nyingi hufundishwa chini ya mpango uitwao Advanced Placement, kwa kifupi AP. Familia zetu zilizotoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya, ambazo sasa zinaishi katika miji kama Columbus, Louisville, Dallas na Portland, hulikuta jina hilo kwenye fomu bila maelezo ya kutosha, na mara nyingi uamuzi hufanywa kwa woga: mtoto huambiwa kwamba Kiingereza si lugha yake ya kwanza, basi aliache. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi huyo na wazazi wake. Ninaamini kwamba wengi wanaobaki nje ya darasa hili wangeliweza, na kwamba wengi wanaoingia kisha wakahangaika hukwama kwa sababu moja inayoweza kurekebishwa mapema, nayo ni kuendelea kueleza maandishi yanasema nini, ilhali mwalimu anauliza maandishi hayo yanafanyaje kazi yake.

Kozi mbili zenye majina yanayofanana

Mpango wa AP umekuwa chini ya College Board, taasisi ileile inayosimamia SAT, mtihani unaotumiwa katika maombi ya kujiunga na vyuo, tangu mwaka 1955. Nia yake ni kumpa mwanafunzi masomo ya kiwango cha mwaka wa kwanza wa chuo akiwa bado sekondari. Mwezi Mei mwanafunzi hufanya mtihani mmoja unaofanywa nchi nzima, hupewa daraja kuanzia 1 hadi 5, na akifaulu vizuri chuo kinaweza kumhesabia kozi hiyo kama iliyokwisha kusomwa, jambo ambalo humpunguzia muda na karo.

Kwa upande wa Kiingereza kuna kozi mbili, na ni muhimu kuzitofautisha kabla ya kutia saini. Ya kwanza ni AP English Language and Composition, ambayo shule nyingi huifundisha darasa la 11. Hiyo inahusu zaidi maandishi yasiyo ya kubuni, yaani hotuba, barua, makala za magazeti, tawasifu na insha, na lengo lake ni balagha: namna mwandishi anavyochagua maneno, mpangilio na ushahidi ili kumshawishi msomaji fulani kwa wakati fulani. Ya pili ni AP English Literature and Composition, ambayo kwa kawaida husomwa darasa la 12, nayo inahusu riwaya, hadithi fupi, tamthilia na ushairi. Kozi ya kwanza huvutia watahiniwa zaidi ya nusu milioni kila mwaka, kwa hiyo hupaswi kudhani kuwa ni darasa la wateule wachache.

Ukiulizwa uchague moja tu, ushauri wangu ni kuanza na ile ya balagha. Mwanafunzi aliyejifunza Kiingereza ukubwani mara nyingi huwa mwepesi zaidi wa kuelewa hoja za wazi kuliko utani, mafumbo na lahaja zilizomo katika riwaya za karne ya 19, na ujuzi wa kujenga hoja atautumia katika kila somo jingine, likiwamo historia na hata biolojia.

Zipo njia nyingine pia. Shule nyingi zina darasa la Honors, ambalo ni gumu kuliko la kawaida lakini halina mtihani wa taifa mwishoni. Baadhi zina mpango wa International Baccalaureate, ambao ni mtaala wa kimataifa wa sekondari, na nyingine huruhusu mwanafunzi kusoma kozi ya chuo cha jirani huku akiwa sekondari, ambapo alama za chuo hutokana na kufaulu kozi yenyewe bila kutegemea mtihani wa siku moja. Kwa mwanafunzi anayefanya kazi vizuri mwaka mzima lakini hutetemeka katika mitihani ya muda mfupi, njia hiyo ya mwisho yafaa kufikiriwa kwa uzito.

Kabla ya kujiandikisha

College Board haidai kwamba mwanafunzi awe amefaulu mtihani fulani ndipo aingie kozi hizi, na sera yake iliyoandikwa inazihimiza shule kuwafungulia mlango wanafunzi wa makundi ambayo kwa kawaida yameachwa nyuma. Hata hivyo, shule yenyewe inaweza kuweka utaratibu wake, kama vile kudai pendekezo la mwalimu au wastani fulani wa alama. Kwa hiyo mzazi anapoambiwa kwamba mtoto hawezi kuingia, swali la heshima na la haki ni hili: je, huo ni utaratibu wa shule ulioandikwa, au ni maoni ya mtu mmoja? Uliza pia kama kuna nafasi ya kujaribu kwa wiki chache, na ni tarehe gani ya mwisho ya kurudi darasa la kawaida bila alama kuathirika. Mkalimani aombwe mapema. Si vyema mtoto mwenyewe atumwe kuwa mkalimani katika kikao kinachomhusu yeye.

Mwanafunzi naye amtafute mwalimu wa kozi kabla ya majira ya kiangazi kuanza na amwombe silabasi. Walimu wengi wa AP hutoa kazi ya likizo, kwa kawaida kitabu kimoja au viwili vya kusoma pamoja na maswali au insha ya kukabidhi katika wiki ya kwanza. Mwanafunzi aliyehamia shuleni mwezi Agosti mara nyingi huwa hana habari ya kazi hiyo, akaanza mwaka akiwa na deni. Iwapo yamekukuta, mweleze mwalimu siku ya kwanza, kabla hujaulizwa, na upendekeze wewe mwenyewe tarehe ya kukabidhi.

Fani na maudhui havitenganishwi

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Mwanafunzi aliyesoma fasihi katika shule za kwetu anayajua maneno fani na maudhui. Amefundishwa kuorodhesha dhamira, migogoro, ujumbe na falsafa ya mwandishi upande mmoja, kisha wahusika, mandhari, muundo na tamathali za semi upande mwingine, na katika mtihani hutakiwa kutoa hoja kadhaa, kila moja ikiwa na tukio linaloithibitisha. Mafunzo hayo ni mtaji mkubwa, na wanafunzi wengi waliozaliwa Marekani hawana msamiati huo. Tatizo ni kwamba katika darasa la AP orodha haina thamani ikiwa peke yake. Mwalimu hataki kujua kwamba kuna takriri. Anataka kujua takriri hiyo ilimfanyia nini msomaji yule, katika sehemu ile, na kwa nini njia nyingine isingefaa.

Nitaeleza kwa mfano ambao huenda ukakutana nao, kwa sababu husomwa katika madarasa mengi ya kozi hii: barua ambayo Martin Luther King aliiandika Aprili 1963 akiwa jela katika mji wa Birmingham, jimbo la Alabama. Viongozi wanane wa dini, wote wazungu, walikuwa wametoa tamko gazetini wakisema kwamba maandamano ya watu weusi hayakuwa ya busara na yalikuja wakati usiofaa. Barua ya King ni jibu kwao.

Mwanafunzi ambaye bado hajazoea ataandika hivi: King anatumia takriri, tashbihi na rejea za kidini, na mbinu hizo zinaifanya barua yake ivutie na kueleweka. Sentensi hiyo haina kosa la sarufi wala la ukweli, lakini ingeweza kuandikwa kuhusu barua yoyote duniani, na kwa sababu hiyo haipati alama za maana.

Sasa anza na swali la nani anaandikiwa nani. Wapokeaji ni viongozi wa dini, na miongoni mwao alikuwamo rabi wa Kiyahudi. King anapotaka kuthibitisha kwamba sheria isiyo ya haki haistahili kutiiwa, angeweza kutaja wanasheria, lakini anawataja Mtakatifu Augustino na Mtakatifu Thoma wa Akwino, kisha anamtaja Martin Buber, mwanafalsafa wa Kiyahudi. Amechagua mashahidi ambao wapokeaji wake wanawaheshimu madhabahuni na katika vyuo vyao vya dini, kiasi kwamba anayetaka kumpinga King atalazimika kwanza kuwapinga walimu wa imani yake mwenyewe. Huo ndio uchambuzi: mbinu imeunganishwa na msomaji, na msomaji ameunganishwa na lengo.

Au itazame sehemu anayojibu shutuma kwamba watu weusi wangesubiri. King anaandika sentensi moja yenye maneno zaidi ya 300, iliyojengwa kwa vishazi vinavyoanza kwa namna ileile, kila kimoja kikitaja udhalilishaji mmoja: watu waliouawa na makundi ya wahuni, ndugu waliopigwa na polisi, binti mdogo anayeambiwa kwamba bustani ya michezo si ya watoto wa rangi yake. Kishazi kikuu, kinachosema kwamba hapo ndipo mtaelewa kwa nini tunaona vigumu kusubiri, kinacheleweshwa hadi mwisho kabisa. Msomaji analazimika kungoja na kungoja maana ikamilike, akichoshwa na uzito wa yanayotajwa, na kwa muda mfupi anaonjeshwa kile kile alichokuwa akiwahimiza wenzake wakivumilie. Mwanafunzi akiweza kusema jambo hilo kwa Kiingereza chepesi, hata kama ametumia sentensi fupi fupi, amefanya kazi ya kiwango cha chuo.

Njia ya kujizoeza ni rahisi kuieleza ingawa inahitaji uvumilivu. Kila unapotaja mbinu, jilazimishe kuongeza sentensi mbili: moja inayosema mbinu hiyo inamfanya msomaji afikiri au ahisi nini, na nyingine inayosema kwa nini mwandishi alihitaji msomaji afikiri au ahisi hivyo wakati huo. Ukikosa la kuandika katika sentensi ya pili, huenda mbinu uliyoichagua haina uzito katika maandishi hayo. Iache, utafute nyingine.

Kusoma na kalamu mkononi

Kiasi cha kusoma kitakushtua mwanzoni. Si ajabu kupewa kurasa 30 za kusoma kutoka kipindi kimoja hadi kingine, huku ukiwa na kazi za masomo mengine. Anayesoma kila neno kwa kamusi hatamaliza. Soma mara ya kwanza bila kusimama ili upate mkondo wa hoja, ukiweka alama ndogo kwenye maneno usiyoyajua. Mara ya pili tafuta yale tu ambayo bila kuyajua aya haieleweki. Maneno yanayostahili daftari la msamiati ni yale yanayoonesha msimamo na hisia za mwandishi, kwa kuwa maswali mengi ya mtihani huuliza kuhusu toni, na mwanafunzi anayejua neno moja tu la kumaanisha hasira hawezi kutofautisha uchungu, ghadhabu, kejeli na masikitiko.

Mwalimu atataka uandike pembezoni mwa ukurasa, na wengine hukusanya vitabu ili kuona alama hizo na kuzipa maksi. Kwa mtoto aliyelelewa kwamba kitabu ni mali ya shule na hakichorwi, jambo hili huleta mashaka. Kama kitabu si chako, tumia karatasi ndogo za kubandika. Unachoandika kisiwe muhtasari peke yake. Andika pale hoja inapobadili mwelekeo, pale neno lisilotarajiwa linapojitokeza, pale mwandishi anapokubali hoja ya mpinzani wake, na pale unapomshuku.

Kuzungumza darasani

Sehemu ya alama katika madarasa mengi hutokana na mjadala. Wanafunzi huketi kwa duara, mwalimu hukaa kimya au huuliza swali moja, nao hujibizana kuhusu maandishi waliyoyasoma huku mwalimu akiandika nani amesema nini. Mtoto wa kwetu aliyefundishwa kwamba adabu ni kusikiliza wakubwa, na kwamba kumpinga mwalimu mbele za watu ni utovu wa nidhamu, hukaa kimya kwa heshima, naye huandikwa kuwa hakujiandaa. Wazazi waelewe kwamba hapa kunyamaza hakusomwi kama adabu, na wamwambie mtoto waziwazi kwamba wamemruhusu kuzungumza. Ruhusa ya namna hiyo ikitoka kwa baba au mama ina nguvu kuliko maelezo yoyote ya mwalimu.

Kwa anayeogopa matamshi yake, njia inayofaa ni kuingia darasani na mambo mawili yaliyoandikwa tayari, kila moja likiwa na nambari ya ukurasa, na kuyasema mapema kabla wengine hawajayachukua. Kumnukuu mwandishi kwa ukurasa humfanya kila mtu afungue kitabu, na tangu hapo mazungumzo huwa kuhusu maandishi, wala si kuhusu lafudhi yako. Kukubaliana na mwenzako kisha kuongeza ushahidi ni mchango kamili, kama ilivyo kumpinga kwa upole. Tena tusisahau kwamba utamaduni wetu una majibizano ya kishairi na vikao ambavyo watu hupingana kwa maneno yaliyopangwa vizuri, na anayezijua sanaa hizo ana la kuanzia.

Insha, na hofu ya sarufi

Kozi ya balagha ina aina tatu za insha. Katika ya kwanza unapewa vyanzo 6 kuhusu suala moja, baadhi vikiwa picha au chati, nawe unatakiwa kujenga msimamo wako kwa kutumia angalau 3 kati ya hivyo. Ya pili ni uchambuzi wa balagha, kama nilivyoonesha kwa barua ya King. Ya tatu ni insha ya hoja, ambamo unapewa dai fulani na kutakiwa kulitetea, kulipinga au kulipima kwa mifano kutoka masomo yako, historia na maisha. Katika hiyo ya tatu mwanafunzi wetu ana hazina kubwa: ujamaa wa Nyerere, harakati za Wangari Maathai za kupanda miti, historia ya Kongo tangu enzi za mfalme Leopold, maisha ya kambini. Walimu husoma mifano ileile mwaka hadi mwaka, na mfano mpya ulioelezwa kwa usahihi huwavuta. Ila usidhani kwamba msomaji anaijua habari hiyo. Mweleze kwa sentensi moja au mbili ni nani na ni lini, kisha rudi kwenye hoja.

Kila insha husahihishwa kwa alama 6, na mwongozo wa usahihishaji, ambao umekuwa wa muundo huu tangu mwaka wa masomo wa 2019 hadi 2020, upo wazi kwa kila mtu kwenye tovuti ya College Board. Alama 1 ni ya hoja kuu, yaani dai linaloweza kubishaniwa na linalojibu swali. Alama 4 ni za ushahidi na ufafanuzi wake. Alama 1 ya mwisho ni ya upevu wa fikra, na wachache huipata. Usiifukuze kwa maneno makubwa.

Zingatia kwamba alama 4 kati ya 6 zimo katika ushahidi na ufafanuzi. Zingatia pia mahali sarufi ilipowekwa. Hakuna alama iliyotengwa kwa ajili ya sarufi. Kinachosemwa ni kwamba makosa yanayozuia maana isieleweke humnyima mwandishi alama ya nne katika sehemu ya ushahidi. Kwa hiyo mwanafunzi anayeacha herufi mwishoni mwa kitenzi au kuchanganya viunganishi, lakini hoja yake ikaeleweka, bado anaweza kufika mbali. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona vijana wakitumia nusu ya muda wao kufuta na kuandika upya sentensi moja iliyokuwa inaeleweka tangu mwanzo, wakaishiwa muda kabla ya aya ya pili.

Kupanga mawazo kwa Kiswahili kabla ya kuandika hakuna ubaya, na wengine huona hoja zao zikija kwa urahisi zaidi hivyo. Kuandika insha nzima kwa Kiswahili kisha kuitia kwenye programu ya kutafsiri ni jambo jingine. Mosi, halikufundishi kuandika, na siku ya mtihani programu hiyo haitakuwapo. Pili, shule nyingi huhesabu matumizi ya programu za kutafsiri au za akili mnemba bila ruhusa kuwa udanganyifu, na adhabu yake inaweza kuwa sifuri kwa kazi nzima na barua katika faili la mwanafunzi. Vivyo hivyo kwa maneno ya mtu mwingine yasiyotajiwa chanzo. Katika baadhi ya shule tulizosoma, kukariri maneno ya mwalimu na kuyarudisha yalivyo kulisifiwa. Hapa huitwa wizi. Ukiwa na shaka, muulize mwalimu kabla ya kukabidhi.

Utarajie pia alama za chini katika insha za mwanzo. Mwanafunzi aliyezoea A hupata 2 au 3 kati ya 6 mwezi Septemba akadhani amefeli maisha. Walimu wengi huruhusu insha kuandikwa upya. Nenda kwa mwalimu baada ya saa za masomo ukiwa na insha yako na swali mahususi, kwa mfano: katika aya hii, ni wapi nilianza kusimulia badala ya kuchambua? Swali la namna hiyo hujibika, tofauti na kuuliza kwa jumla nifanyeje niboreshe.

Ushairi na hadithi

Katika kozi ya fasihi, insha ya kwanza ya mtihani huwa juu ya shairi ambalo huenda hujaliona kamwe, ya pili juu ya kipande cha nathari, na ya tatu juu ya kitabu kizima unachokichagua mwenyewe kulingana na swali lililotolewa.

Shairi la Kiingereza humchanganya mtu aliyefundishwa kuhesabu mizani 16 katika mshororo na kutafuta vina vya kati na vya mwisho. Mashairi mengi utakayopewa hayana urari wa namna hiyo, na yako karibu zaidi na mashairi huru yaliyozusha ubishi mkubwa kati ya washairi wa Kiswahili katika miaka ya 1970. Anza kwa kujiuliza ni nani anayesema, anamsemesha nani, na ni wapi mawazo au hisia zinapogeuka. Mgeuko huo, ambao katika soneti yenye mistari 14 mara nyingi huja baada ya mstari wa 8 au wa 12, ndio mlango wa shairi. Anayeuona huandika insha yenye mwelekeo, na asiyeuona hubaki akitaja taswira mojamoja.

Kwa insha ya kitabu kizima, mtihani hutoa orodha ya vitabu takriban 40, lakini unaruhusiwa kuchagua kingine chenye hadhi kama hiyo ya kifasihi. Riwaya ya Chinua Achebe, Things Fall Apart, ambayo wengi wetu tuliisoma kwa jina la Shujaa Okonkwo, imekuwamo katika orodha hizo zaidi ya mara moja, na riwaya za Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, zinakidhi sharti hilo bila wasiwasi. Andaa vitabu vitatu au vinne unavyovijua kwa undani, ukikumbuka majina ya wahusika, matukio ya msingi na mwisho wake, badala ya kuparamia kumi. Mwanafunzi anayejua pwani, biashara ya misafara au maisha ya kijijini ataona katika vitabu hivyo mambo ambayo wenzake watayapita bila kuyatambua.

Mtihani wa Mei

Mitihani yote miwili sasa hufanywa kwa kompyuta, kwa programu ya College Board iitwayo Bluebook, tangu Mei 2025. Hili lina maana ya moja kwa moja: jizoeze kuandika kwa kibodi. Anayechapa kwa vidole viwili atapoteza dakika nyingi ambazo hawezi kuzirudisha.

Mtihani wa balagha huchukua saa 3 na dakika 15. Kuna maswali 45 ya kuchagua jibu kwa dakika 60, yanayobeba asilimia 45 ya alama, kisha insha 3 kwa saa 2 na dakika 15, zikiwamo dakika 15 za kusoma vyanzo, zinazobeba asilimia 55. Mtihani wa fasihi ni wa saa 3, wenye maswali 55 ya kuchagua kwa dakika 60 na insha 3 kwa saa 2, kwa uzito uleule. Kila insha imekadiriwa dakika 40, na tangu mwezi Januari ni vyema kujipima nyumbani kwa saa, ukitumia maswali ya miaka iliyopita ambayo College Board huyaweka wazi bila malipo. Jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, kwa hiyo usiache swali lolote la kuchagua likiwa tupu.

Ada ya mtihani ilikuwa dola 99 kwa mwaka 2025, na familia yenye kipato kidogo ilipunguziwa dola 37. Majimbo na shule kadhaa hulipa sehemu iliyobaki au ada yote. Punguzo hilo huombwa kupitia mshauri wa masomo shuleni, na kwa kozi za mwaka mzima usajili wa mtihani hufungwa mwezi Novemba, miezi mingi kabla ya Mei. Mzazi ambaye hajaambiwa hivyo hudhani ana muda hadi majira ya kuchipua, kumbe dirisha limefungwa na kuna faini ya kuchelewa. Muulize mshauri mwezi Septemba.

Matokeo hutoka mwezi Julai. Vyuo vina viwango tofauti: vyuo vya umma vya jimbo la Ohio, kwa mfano, hutambua daraja la 3 na kuendelea, wakati vyuo vingine vyenye ushindani mkubwa hudai 4 au 5, au havihesabu mtihani wa Kiingereza kabisa. Angalia tovuti ya chuo unachokitaka kabla ya kufanya mtihani, si baada yake. Alama za darasani zina maisha yake mbali na mtihani huo, na shule nyingi huzipa kozi za AP uzito wa ziada katika GPA, yaani wastani wa alama za masomo yote, hivyo kwamba B ya darasa hili inaweza kuhesabiwa sawa na A ya darasa la kawaida. Kila mwaka unaofanya mtihani una nafasi moja ya kutuma matokeo kwa chuo kimoja bila malipo, mradi ukitaje chuo hicho katika akaunti yako ya College Board kabla ya tarehe 20 Juni. Baada ya hapo kila utumaji hulipiwa.